Mashine Iliyonyamaza

Kitufe kilikuwa kizima, na hilo lilimkera Taratibu kuliko kama angekikuta kibovu. Kitufe kibovu kina mwenyewe: yuko aliyekifunga, yuko aliyetakiwa kukikagua, yuko aliyeambiwa akibadilishe akajitia hamnazo. Kitufe kizima hakikupi mtu wa kumkamata shati.

Jina la Taratibu alibandikwa na wenzake kituoni, baadhi kwa mapenzi na baadhi kwa kuchoka kumsubiri. Alikuwa mpelelezi wa siku nyingi, mwili umeanza kujaa, asiyekimbia hata mvua ikimkuta njiani, na alikuwa na tabia ya kumwomba mtu arudie jambo alilokwisha kulifanya vizuri. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama ndani ya kiwanda cha maboksi, mikono ameifunga mgongoni, akimtazama fundi umeme akikigonga kitufe chekundu kwa kiganja.

Mashine namba moja ilikuwa ikizunguka tupu. Ilikuwa na rola mbili nene za chuma, moja juu ya mwenzake, za kuvuta karatasi ngumu upande huu na kuitema upande wa pili ikiwa na mikunjo tayari. Kitufe kilipogongwa, rola zilisita kidogo, zikasimama.

"Tena," alisema Taratibu.

"Afande, si umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Nataka kuona tena."

Fundi alishusha pumzi, akakishika kitufe na kukizungusha kidogo, nacho kikaruka juu. Wafanyakazi walikiita uyoga kwa sababu ya kile kichwa chake kipana, na fundi alikieleza kama mzazi anayemsifu mwanawe mbele ya mwalimu. Uyoga ukibonyezwa, alisema, unabaki chini. Hauinuki mpaka mtu auzungushe. Na hata ukiinuka, mashine haiondoki mpaka mtu aende kubonyeza kitufe cha kijani, ili isije ikaamka yenyewe na kumkuta mtu mkono wake bado uko ndani.

Ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Lakini wiki iliyopita rola hizo hizo zilimkamata mkono kijana aliyekuwa akilisha karatasi, na hazikusimama mpaka msimamizi wa zamu alipokimbilia swichi kuu ukutani na kukata umeme wa jengo zima. Madaktari waliokoa kiganja, vidole vilikwenda. Mwanamke aliyekuwa upande wa pili wa mashine akipokea karatasi aliapa kwamba alikibonyeza kitufe kwa nguvu zake zote na mashine ikaendelea kama haikusikia.

Kwa kauli hiyo fundi umeme aliwekwa ndani, maana vitufe vyote vya dharura humo alivifunga yeye mwezi uliopita. Alipotolewa ili vijaribiwe, vilifanya kazi bila kasoro. Sasa watu wote walimgeukia yule mwanamke. Hakubonyeza, walisema. Aliganda tu, na baadaye akatafuta uongo wa kujifichia.

Taratibu hakuwa na haraka ya kumgeukia mtu. Alimwomba fundi afungue kisanduku kilicho nyuma ya kitufe. Wakati mwingine, fundi alimweleza, kile kipande cha nyuma kinachoshika waya huachia, basi mtu anabonyeza kichwa kitupu na huko nyuma hakuna kinachosogea. Alitarajia kukikuta hivyo, na ilionekana wazi kwamba angefurahi. Kipande kilikuwa kimekaza. Hata skrubu za mfuniko hazikuwa zimeguswa, kwa maana kila moja aliitia tone la rangi ya kucha ya mke wake, na matone yote yalikuwa mazima kabla hajayavunja yeye.

"Kwa hiyo hakuna aliyekichokoa," alisema Taratibu.

"Hakuna. Ila kuna mtu amenichezea kebo zangu."

Alionyesha juu. Kebo za vitufe zilishuka kutoka kwenye reli ya darini, na sehemu ya ziada ilikuwa imekunjwa na kufungwa kwa ule ukanda wa manjano wa plastiki wanaofungia mabunda ya maboksi. Fundi alisema yeye hufunga kwa vifungo vyeusi, vizuri, si kama mtu anayefunga kuni. Taratibu aliuliza nani kafanya hivyo. Fundi akasema humu ndani watu hufunga kila kitu kwa ukanda huo, hata suruali.

Msimamizi wa zamu alikuwa amesimama karibu muda wote, mtu mrefu mwenye macho ya kukosa usingizi. Alisimulia tena bila kuombwa. Alikuwa mlangoni kwa ofisi, akaona patashika, akakimbilia swichi kuu. Yule dada alikuwa amesimama ametoa macho. Hamlaumu, alisema, hofu humpata kila mtu, lakini ukweli ni ukweli. Meneja naye alipita kuuliza kama sasa mashine inaweza kurudi kazini. Na simu ya mkuu wa kituo ikaita papo hapo. Mkuu alisema kitufe kizima, fundi safi, mwanamke kapigwa na butwaa, basi ni ajali, jalada lifungwe.

"Nitalifunga, afande," alisema Taratibu. "Nimebakisha swali moja dogo."

"Swali gani?"

"Bado sijalijua."

Mkuu alikata simu. Alikuwa amemzoea.

*

Maelezo ya yule mwanamke Taratibu aliyasoma jana, na yalikuwa mafupi kama salamu za njiani. Aliulizwa kama alibonyeza kitufe, akajibu ndiyo. Aliulizwa kama ana uhakika, akajibu ndiyo. Hakuna aliyempeleka kiwandani, na tangu siku ya ajali alikuwa amesimamishwa kazi. Taratibu aliona ni vema amfuate mwenyewe, na nyumbani kwake akaambiwa yuko hospitali.

Hakumkuta wodini. Kwenye benchi la mlango wa wodi alikaa mama mmoja mnene wa miraba minne, bakuli la supu mapajani, mfuniko ameukandamiza kwa viganja viwili. Huyo alikuwa mama mzazi wa kijana aliyeumia. Mwanamke anayetafutwa alikuwa nje kabisa, karibu na bomba la maji, amejikunyata kama aliyekuja kumsubiri mgonjwa wa watu wengine. Na huyo aliyemo ndani alikuwa shemeji yake, mdogo wa mume wake.

Mama hakungoja kuulizwa mara mbili. Alisema kijana ni kitinda mimba wake. Alisema kazi ile alitafutiwa na huyo huyo mke wa kaka yake, na siku anaanza yeye mama aliwaita wote wawili sebuleni na kumkabidhi kwa mdomo wake. Mwangalie mdogo wako, alimwambia.

"Akamwangalia kweli," alisema mama. "Alisimama akamwangalia mwanangu anavyoliwa."

"Mama, kama alibonyeza je?"

"Walipima, mwanangu. Kitufe kinafanya kazi. Sasa nimwamini nani?"

Kijana mwenyewe hakuona chochote. Alipokamatwa uso wake ulikuwa umelalia meza. Kila akizinduka alimuulizia shemeji yake, na mama alimjibu kwamba yuko kazini. Nyumbani hapakuwa na aliyesema na mwanamke huyo. Mume alirudi jioni akazungumza na watoto, akala, akageukia ukutani. Supu iliyokuwa kwenye lile bakuli aliipika yule yule mwanamke alfajiri, akaiweka mwisho wa benchi na kurudi bombani. Supu yake waliipokea, yeye hawakumpokea.

Taratibu alikwenda kuchuchumaa karibu na bomba, magoti yakamlalamikia. Alimwambia anataka warudi wote kiwandani, akaone mahali. Mwanamke alikubali kwa kichwa. Walipofika kwenye gari ndipo alipofungua mdomo.

"Afande, hata mimi nimeanza kujiuliza. Watu wote wanasema sikubonyeza. Labda kweli. Labda nilidhani tu."

"Usijisumbue kukumbuka," alisema Taratibu. "Kichwa kimeshavurugwa na maswali. Tutaiuliza mikono."

*

Alimtaka asimame pale pale alipokuwa amesimama siku ile, nyuma ya mashine namba moja, mbele ya meza ya kupokelea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ujia mpana unaotenganisha mashine hiyo na mwenzake, namba mbili. Ndani ya ujia vilisimama viguzo viwili vya chuma vinavyofika kiunoni, kila kimoja karibu na mashine yake, kila kimoja na uyoga wake mwekundu juu. Chini ya viguzo, sakafuni, fundi alikuwa amepaka namba kwa rangi nyeupe, moja na mbili. Mkono wake wa kulia ilikuwapo nguzo nene ya zege inayobeba paa, na hakukuwa na kitu kingine.

Mashine iliwashwa. Taratibu alichukua karatasi akaanza kulisha mwenyewe, vibaya, huku wafanyakazi wakijizuia kucheka. Mwanamke alipokea, akapanga, akapokea, akapanga. Mikono ilikuwa inatetemeka mwanzoni, kisha kazi ikaituliza. Alipoona imetulia kabisa, na mwanamke amesahau kwamba anatazamwa, Taratibu alijitupa juu ya meza na kupiga ukelele.

Mwanamke hakuganda. Kabla ukelele haujaisha alikuwa amegeuka, mkono wa kulia umetangulia, kiganja wazi, na kikapiga hewa kando ya ile nguzo ya zege. Akapepesuka. Akapiga tena hewa pale pale. Fundi umeme akauzima mtambo kutoka kwenye ujia.

"Kilikuwa hapa," alisema mwanamke. Aliangalia kiganja chake, akaiangalia nguzo. "Afande, kilikuwa hapa."

Msimamizi alitikisa kichwa kwa huruma. Kitufe kiko kushoto, alisema, tangu kifungwe kiko kushoto, na yeye amekwenda kulia. Hata mahali pake hapajui. Maneno yake yalikuwa ya busara, na watu wawili watatu waliitikia.

Taratibu alimuuliza mwanamke kwa nini mkono wake ulikwenda kulia, na akamwambia asiharakishe. Mwanamke alifikiri. Kisha akasema ni kwa sababu ya vile fundi alivyowafundisha siku alipovifunga vile vitufe. Kabla hujaanza kazi, gusa kitufe chako. Usikibonyeze, kiguse tu, ili mkono ujue njia. Siku ya hatari macho hayatakusaidia. Waliokuwa wakimcheka fundi waliacha baada ya siku chache, ikawa ndio mtindo wa hapo, kila anayeingia zamu anapita na kugusa uyoga wake kama anayeusalimia.

"Na asubuhi ya ajali ulikigusa wapi?"

"Hapa. Vilikuwa viwili hapa kwenye nguzo, vimekaa pamoja. Nikagusa kilicho karibu na mimi, nikajua ndio wangu."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza ni wapi," alisema. "Waliniuliza kama nilibonyeza."

Fundi umeme alikuwa ameinua uso kuzitazama kebo zake na ule ukanda wa manjano, na rangi ilikuwa imemtoka. Taratibu alipiga goti chini ya nguzo ya zege. Sakafu ilikuwa na vumbi la karatasi kama kiwanda kizima, lakini alipolifagia kwa kiganja yalijitokeza madoa meupe ya mviringo, yamejipanga mafungu mawili. Alichokoa moja kwa ufunguo wa nyumba yake. Ilikuwa gundi ya maboksi iliyokauka, na chini yake tundu la bolti, safi, kingo zake bado kali. Alimwita fundi, akamwomba apime nafasi kati ya matundu na nafasi kati ya bolti za kitako cha kiguzo. Fundi hakuhitaji kupima mara ya pili.

Msimamizi alisema matundu yako mengi humo ndani, mashine huhamishwa kila mara. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Taratibu alikubaliana naye kwamba yako mengi, akajikung'uta goti. Matundu yanaweza kukuambia kitu kilikuwapo. Hayawezi kukuambia ni siku gani.

*

Mwendesha mashine namba mbili aliitwa Redio, kwa sababu zinazoeleweka. Alikuwa mtu wa kuongea mpaka chai ya mwenzake ipoe. Lakini tangu polisi waanze kuja, Redio alikuwa amezimwa. Aliulizwa jambo akajibu kwa mabega. Taratibu alijua akimuuliza habari za viguzo atapewa mabega. Kwa hiyo hakumuuliza.

Alimwomba tu awashe mashine yake afanye kazi kama siku zote. Namba mbili ilikuwa kubwa kuliko mwenzake na yenye kelele za kutia watu uziwi, kwa kuwa ndiyo inayokata. Taratibu alirudi kwenye namba moja, akaiwasha nayo. Kisha akasimama pale pale alipokaa kijana, akavuta pumzi na kulia kwa sauti ambayo mtu wa cheo chake hatarajiwi kuwa nayo. Meneja alitoka ofisini mbio. Redio hakuinua hata kichwa.

Alirudia, kwa sababu ndiyo tabia yake. Redio aliendelea kupanga karatasi zake, mgongo umegeuka, akitikisa kichwa kwa wimbo wa moyoni.

Mashine zilipozimwa, Taratibu alimfuata na kumpa pole kwa kazi. Alimwambia amemwita mara mbili hakuitika.

"Kwa kelele hizi, afande, utasikia nini? Sisi humu tunaongea kwa vidole."

"Siku ya ajali ulijuaje kama kuna mtu kaumia?"

"Nilisikia ukelele. Nikageuka, nikaona—"

Darini feni zilikuwa zinazunguka polepole, zikipeperusha vumbi la karatasi kutoka pembe hii kwenda ile, na macho ya Redio yalipanda yakazifuata.

"Ulisikia," alisema Taratibu, "kwa sababu yako ilikuwa imenyamaza."

"Ilinyamaza ghafla. Nilidhani umeme umekatika. Si unajua, afande, unakatika kila siku. Mashine ikinyamaza hapa hakuna anayeuliza, watu wanakaa chini."

"Feni nazo zilisimama?"

Redio alijibu kwa sauti ndogo. Hapana, alisema. Feni zilikuwa zinazunguka, taa zilikuwa zinawaka. Aligeuka, akaona rola za mwenzake bado zinazunguka na kijana amelalia meza. Baadaye ndipo kila kitu kilipozimika, msimamizi alipokata swichi kuu. Kwa hiyo namba mbili ilisimama peke yake, kabla. Yeye hakuwa ameisimamisha.

"Na kesho yake ulipotaka kuiwasha?"

"Ilikataa. Nikaona uyoga wangu uko chini. Nikauzungusha, ikaamka. Mimi sikuwa nimeubonyeza, afande. Wallahi. Nilijua kuna kitu hakijakaa sawa, lakini niliambiwa habari za viguzo nisizipeleke nje. Nina watoto."

Aliyemwambia alikuwa amesimama hatua chache nyuma yao, na Redio hakuhitaji kumtaja. Alimtazama tu, na kila mtu akatazama huko huko.

*

Waliingia ofisini wakafunga mlango. Taratibu alimwachia msimamizi kiti kizuri, mwenyewe akakalia bunda la maboksi.

Hakumtisha. Alimsimulia tu alivyoona yeye, taratibu, akimkaribisha amkosoe. Kwamba viguzo vilikuwa vimeng'olewa kwenye ujia na kupigwa bolti kando ya nguzo ya zege, vyote viwili pamoja. Kwamba namba zilibaki sakafuni zilikoandikwa, na vitufe vikahama bila namba. Kwamba mwanamke alipoona shemeji yake amekamatwa, alibonyeza kitufe alichokigusa asubuhi, nacho kikatii. Kilisimamisha mashine kilichounganishwa nayo. Ilikuwa namba mbili.

"Kitufe kimoja tu kilikuwa chini kesho yake, cha namba mbili," alisema Taratibu. "Kinabaki chini mpaka mtu akizungushe. Ulikirudisha ujiani kikiwa bado kimezama, hukukiangalia."

Msimamizi aliutazama mlango, akaitazama mikono yake. Alipoanza kusema alisema yote bila kuvutwa. Kulikuwa na toroli jipya pana la kubebea majora ya karatasi, na halikuweza kupita kati ya viguzo. Mzigo ulikuwa unatakiwa. Alivihamisha mwenyewe kabla zamu haijaingia, kwa muda tu, akiwaza kwamba jioni atamwita fundi avikague na avipangie mahali. Jioni ilipofika kijana alikuwa hospitali. Watu walipomsindikiza, yeye alibaki, akavirudisha, akafunga upya kebo kwa ukanda wa manjano, akaziba matundu kwa gundi. Alisema ni yeye aliyekata umeme. Alilirudia hilo kama mtu anayetafuta pa kushika.

"Ulikata," alisema Taratibu. "Mkono mzima ungekwenda usingekata, na hilo nitaliandika. Lakini ulisema yule dada alisimama ametoa macho."

Taratibu alisogeza bunda lake karibu na kiti.

"Ulikuwa mlangoni hapa. Kutoka hapa meza yake inaonekana. Ulimwona akifanya nini?"

Nje mtu alikuwa anafagia vipande vya karatasi. Walisikiliza ufagio mpaka ukafika mwisho wa ukumbi.

"Alikuwa anabonyeza," alisema msimamizi. "Anabonyeza, anabonyeza, hakuacha. Aliukandamiza na kiwiko, akaugonga na ngumi. Ndipo nilipojua amebonyeza wa namba mbili. Ndio maana nikakimbilia swichi."

Taratibu alikuwa amekwisha kusikia maungamo mengi kazini, ya kisu na ya moto, na hakukumbuka lililompandisha hasira kama hili la mtu mpole. Huyu alijua tangu dakika ya kwanza. Alimwacha mwanamke afukuzwe kwenye benchi la watu wa nyumba yake, akapike supu asiyoruhusiwa kuipeleka, hadi yeye mwenyewe aanze kukishuku kiganja chake.

Alimwambia asimame waende kituoni. Walipotoka, fundi umeme alikuwa amepiga magoti mbele ya kiguzo, mkononi ana kopo la rangi na brashi ndogo, anaandika namba juu kabisa, chini ya uyoga, mahali ambapo itahama na kitufe popote kitakapokwenda. Hakuinua uso. Alisema, bila kumwambia mtu hasa, kwamba ilipaswa kuwa hapo tangu mwanzo.

*

Jua lilikuwa bado halijashuka Taratibu na yule mwanamke waliporudi hospitali. Mwanamke alielekea bombani kama alivyozoea, na Taratibu akamshika kiwiko kumzuia. Walikwenda pamoja mpaka kwenye benchi.

Mama alikuwa pale pale, bakuli pale pale. Alimtazama mpelelezi, hakumtazama mwenziwe.

"Alibonyeza?" aliuliza.

"Alibonyeza, mama. Vitufe vilikuwa vimehamishwa, akabonyeza alichokikuta. Kikasimamisha mashine ya pembeni. Aliyevihamisha alimwona kwa macho yake akibonyeza bila kuacha, na leo amekiri."

Mama aliinamia bakuli. Vidole vyake vilizunguka ukingo wa mfuniko, vikazunguka tena. Taratibu tayari alikuwa anatafuta namna ya kuaga.

"Supu imepoa," alisema mama hatimaye, na alimwambia mkwewe, kwa mara ya kwanza tangu ajali. "Mpelekee shemeji yako. Mimi mikono inanitetemeka, jana nimemmwagia kifuani."

Mwanamke alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Aliusukuma mlango wa wodi kwa bega, akasita kizingitini, kisha akaingia, na mlango ukabaki wazi nyuma yake.

"Shemeji," ilisikika sauti ya kijana kutoka ndani, dhaifu, yenye lawama za mtoto wa mwisho. "Kazi gani hiyo siku zote hizi? Mimi nakusubiri."

Mama aliyekuwa kwenye benchi alikishusha kitambaa chake cha kichwa mpaka machoni, akabaki hivyo. Taratibu alikaa upande wa pili wa benchi akasubiri naye, kwa kuwa hakuwa na haraka.